Bloku ndani ya bloku: sampuli 7, miche 21, na ushauri wa "kata katikati"

Bloku ni kundi la nafasi zinazofanana, na dizaini iliyobalansi ni mpango wa jaribio ambao kila jozi ya sampuli inakutana bloku moja mara sawasawa; sasa anayewaambia watu "chukua dizaini yoyote iliyobalansi halafu kila bloku ikate katikati" ili apate bloku ndogo ndani ya kubwa, hajawahi kuikata yeye mwenyewe. Mi nilikuwa na sampuli 7 za virusi, nataka kuzilinganisha kwenye miche ya maharage, sasa mche una yale majani mawili ya mwanzo na kila jani unapaka sampuli moja nusu hii nyingine nusu ile, kwa hiyo mche ni bloku kubwa ya nafasi 4, jani bloku ndogo ya nafasi 2. Mtaalamu wetu akanipa ile ya bloku 7 za nne nne, kila jozi inakutana mara 2, safi kabisa. Haya, kata sasa! Nikakata hivi, nikakata vile, jozi nyingine zinakutana jani moja nyingine hazionani kabisa. Angepiga hesabu kidogo tu angeona, sampuli inatokea mara 4 kwa hiyo kwenye majani inapata wenza 4, na wenzake wako 6, hapo utasawazisha nini? Marudio, yaani mara ambazo kila sampuli inatokea, lazima yawe 6, 12, 18, na 6 nayo inagoma maana 7 mara 6 ni 42, haigawanyiki kwa 4. Basi 12, miche 21.

Hapa ndo nilipojiona fundi. Sampuli zipe namba 0 mpaka 6, ukifika 7 unarudi 0, na kile kimstari kinatenganisha jani na jani. Mche wa kwanza (1,6 | 2,5). Zidisha kwa 2: (2,5 | 4,3). Tena kwa 2: (4,3 | 1,6). Kila mche kati ya hiyo mitatu, namba zake zote uziongeze 1, 1, 1 mpaka urudi ulipoanzia, unapata 21. Nilihesabu zote kwa peni maana sikuamini: jani moja kila jozi mara 2, mche mmoja kila jozi mara 6, hakuna iliyopunguka. Kompyuta niliyoiacha itafute yenyewe ikaniletea kitu kinachokaribia tu, asante sana.

Sampuli 5 ni rahisi zaidi, (1,4 | 2,3) na miche 5 imetosha. Ila 9 usijaribu kuzungusha hivihivi, 9 sio namba tasa, inataka aljebra yake. Preece, mtaalamu wa takwimu, alishaziandikia hizi dizaini za bloku ndani ya bloku tangu 1967, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Namba ipi iwe ya sampuli ipi, amua kwa bahati nasibu, hata nusu ya kushoto na kulia. Na ukikuta majani ya mche mmoja hayatofautiani, kwenye uchambuzi unafuta jani unabaki na mche, na bado umebalansi.