Kariakoo hadi Kibirizi, nikipishana na mzigo wangu

Mama mdogo hakutaka maelezo marefu. "Safari mbili nimepokea sahani zilizovunjika na robota lililolowa. Hii ya tatu uje mwenyewe, uone huko njiani wanazifanyaje." Alikuwa akipiga simu kutoka dukani kwake Mwanga, Kigoma, na nyuma yake niliwasikia wateja wakibishana bei ya kitenge. Nikamjibu, "Haya mama, nakuja."

Jumatatu jioni nikakabidhi mzigo kwa wakala Kariakoo: marobota matatu ya vitenge, katoni sita za sahani na magunia mawili ya sufuria. Vijana wa dukani waliutoa hadi kwenye guta, makuli wakaushusha kwenye sakafu ya wakala. Mwenye guta alitaka chake, makuli wakataka chao, na hakuna hata shilingi ya hiyo iliyoandikwa kwenye risiti. Karani akaandika jina la mama mdogo kwa wino mzito, akaniambia, "Alhamisi uko nao Kigoma." Nikaanza kuhesabu hapo hapo. Mzigo ulikuwa umenyanyuliwa mara mbili na haujatoka hata Msimbazi.

Dereva wa lori hakubali abiria, kwa hiyo Jumatano alfajiri nilikwenda kupanda treni mpya ya umeme, ya SGR. Mabegi yanapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Nilikuwa na begi moja tu la nguo, maana treni hiyo ya abiria si mahali pa robota. Tulipata Mchongoko, ile treni yenye pua ndefu. Tulipoiacha Pugu kioo cha mbele ya behewa kilianza kupandisha namba mpaka ikakaribia 160 kwa saa, na jirani yangu, kijana wa ofisini aliyekuwa anakwenda kikaoni Dodoma na kurudi jioni, hakuinua hata macho kwenye simu yake. Mimi niliinua. Utoto wangu wote Dodoma ilikuwa mbali.

Baada ya Ruvu tukapita upande wa Kwala, kwenye bandari kavu. Kontena zinatolewa Bandari ya Dar es Salaam na kusogezwa huku Pwani, ili malori ya Kongo, Burundi, Rwanda na Zambia yasilazimike kuingia mjini kuzifuata. Aliyewahi kukwama barabara ya Mandela nyuma ya semi ishirini ataelewa bila kuchorewa ramani.

Kilosa ndipo nilipobandika uso dirishani. Reli ya zamani ipo bondeni, imeandamana na mto Mkondoa, na mto huo umeinyanyasa miaka yote. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibeba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Reli mpya imepandishwa juu na kupitishwa kwenye mahandaki. Unaingia gizani, masikio yanaziba kidogo, unatoka, na mto uko chini kule unaonekana mpole kabisa.

Saa tatu na nusu baada ya kuondoka Dar nilikuwa nimesimama Dodoma na begi langu, sina kazi ya kufanya mpaka jioni. Reli ya umeme ya abiria kwa sasa inaishia hapo, na kilomita karibu 800 zilizobaki hadi Kigoma ni za treni ya zamani. Huwezi kuunganisha behewa la huku na la kule. Kwa macho unaweza kudhani zinafanana, lakini upana wa reli mpya ni milimita 1,435 na wa zamani ni 1,000. Na kama hiyo haitoshi, reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China miaka ya 1970 kutufikisha Kapiri Mposhi, Zambia, ina 1,067. Nchi moja, vipimo vitatu. Kila vinapokutana, mtu lazima ashushe na apakie upya, na anayeshusha anataka kula.

Nikachukua bajaji hadi stesheni ya zamani, nikakaa na akina mama wenye ndoo, magodoro na kuku. Nikampigia karani. "Gari limeshapita Itigi," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Nikafurahi kama mjinga.

Treni ya usiku haina haraka na haijifanyi inayo. Saranda tulifika watu wakiwa na njaa, na wauzaji walikuwa wanatusubiri na taa zao, kuku wa kukaanga wamepangwa kwenye sinia. Kuku wa Saranda ana jina tangu enzi za babu zetu. Nilinunua paja kupitia dirishani, treni ikaanza kuondoka kabla ya chenji, na binti akakimbia sambamba na behewa mpaka akaniwekea noti mkononi. Baada ya hapo reli inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Injini ilikuwa inakoroma, na kuna mahali ningeweza kushuka, kunawa mikono na kupanda tena.

Asubuhi Tabora. Hapa reli inagawanyika: moja inakwenda Mwanza, nyingine inaendelea magharibi hadi Kaliua, na pale inachepuka ya Mpanda huku yetu ikishika njia ya Kigoma. Hapakuchaguliwa na Wajerumani peke yao. Misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inagawanyika hapa hapa Unyanyembe karne ya 19, wengine kwenda Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Ziwa Victoria, na miembe waliyoacha njiani bado inazaa. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857 wakaona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Wajerumani walianza kulaza reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpagazi aliyewahi kubeba pembe begani kwenye njia hii angeweza kuishi hadi kuiona treni ikipita alipokuwa akilala.

Nilikuwa nanunua asali stesheni pale simu ilipoita. Karani, safari hii sauti imeshuka. Mzigo wa Kigoma haukujaza gari, kwa hiyo lori limegeuzia Tabora na mzigo umeshushwa ghalani kungoja gari jingine. Ghala liko mtaa gani? Hajui. Na mimi niko Tabora hiyo hiyo, treni inapiga honi! Nikafikiria kushuka. Nikafikiria kumsaka wakala nisiyemjua, mjini nisipopajua, na tiketi yangu ikienda bila mimi. Nikarudi kwenye kiti.

Mchana wote, Urambo, Kaliua, Nguruka, upande wa dirisha langu palikuwa na vipande vya tuta jipya la udongo. Ni kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na kutokea Uvinza kuna tawi la kwenda Musongati, Burundi. Mzee aliyepandia Urambo na magunia ya karanga alilitazama tuta muda mrefu kisha akauliza, "Hiyo itabeba gunia, au na yenyewe ni ya wenye mabegi ya magurudumu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Uvinza tulipita giza limeingia, harufu ya chumvi niliisikia, au nilidhani nimeisikia kwa sababu najua ndipo inapotoka.

Kigoma reli inaishia karibu na maji. Mama mdogo alikuja kunipokea usiku ule, akatazama begi langu moja, akatazama nyuma yangu. "Mzigo?" Nikainama.

Ijumaa na Jumamosi nilishinda kati ya bandari na Kibirizi, ufukwe wa boti za kuvuka ziwa. Bandarini niliitafuta Liemba, ile meli kongwe ya ziwani, kwa hamu ya kitoto. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar kwa bahari na Kigoma kwa treni, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isiwaangukie maadui, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli nzima ilisafiri njia niliyopita mimi, na boliti zake zikafika. Sahani zangu katoni sita tu!

Kibirizi ndipo nilipokutana na mwenye kudai. Mama mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, amekaa juu ya mifuko ya unga, miguu mchangani, anatazama boti zikipakiwa saruji na magodoro. Mama mdogo akanitambulisha, "Huyu ndiye mtoto wangu wa Dar." Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hii siku ya ine nalala hapa Kigoma. Niko nangoja hivi vitenge vyako." Kumbe marobota mawili kati ya matatu yalikuwa yake, fedha ameshalipa nusu. Kila usiku alilipia chumba, alikula hotelini, na boti yake ilishaondoka mara moja bila yeye. Sikumuuliza hizo gharama atazilipisha wapi. Mnunuzi wa kitenge ng'ambo ya ziwa atazikuta kwenye bei, na hatajua kwamba ananunua usiku nne za Kigoma na ghala moja la Tabora.

Jumapili mchana Fuso dogo likasimama mbele ya duka. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, hilo nitawapa. Marobota makavu. Katoni moja ililia kabla hatujaifungua, na ndani tulihesabu sahani kumi na moja zilizopona. Dereva alisema yeye kapakia Tabora, ya Dar hayajui. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe: kila mtu kwenye njia hii alijua kipande chake tu.

Marobota mawili yakapanda toyo, pikipiki ya mizigo, kwenda Kibirizi. Nilikwenda nayo, sikutaka kuyaacha tena. Vijana waliingia majini hadi kiunoni, wakayabeba kichwani mpaka botini, na mama wa Kalemie akapanda nyuma yao akishika kiatu kimoja mkononi. Nikamwambia nimehesabu: tangu dukani Kariakoo, vitenge vyake vimenyanyuliwa mara nane.

Akacheka, akakaa juu yake. "Usimalize kuhesabu. Kalemie tunashusha, halafu vinapanda pikipiki, vinaenda Nyunzu."