Bibi hakuulizwa

Saa nane za usiku, usingizi hauji.

Juzi tulimpeleka Bibi hospitali, homa ya mapafu. Ana miaka 88, tangu Mfungo Mosi hainuki kitandani, uji tunamlisha kwa kijiko. Daktari wa zamu akatuita pembeni: moyo ukisimama, tumkandamize kifua? Tumpeleke chumba cha wagonjwa mahututi, awekwe mashine ya kupumulia? Ami akamkatiza: "Fanyeni kila kitu, daktari."

Kila kitu. Mimi ni muuguzi, najua kilichomo humo. Kifua unakididimiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwaka jana nilimfanyia hivyo mzee wa rika la Bibi. Mbavu zilivunjika chini ya viganja vyangu, nikaendelea, maana ndivyo tulivyofundishwa. Hakurudi. Mlio ule ninao mpaka leo.

Nilimweleza Ami kwamba watafiti wa Baltimore, Marekani, walipoitangaza njia hii mwaka 1960, katika wagonjwa 20 walipona 14. Lakini wengi moyo uliwasimama ghafla, wengine wakiwa kwenye dawa ya usingizi, na mwili ungali na nguvu zake. Wa Bibi ukisimama, utakuwa umechoka pamoja na mapafu, figo, kila kiungo. Na tukisema asikandamizwe, sindano na oksijeni zinaendelea, hatumtupi. Ami akanitazama. "Mwanangu, wewe si ulisomea kuokoa watu?" Sikumlaumu. Ni mama yake.

Kinachonichoma ni kingine. Ramadhani Bibi alikuwa akizungumza vizuri tu. Alinionyesha sanduku lenye sanda yake, akanitajia watakaomwosha. Nami, pamoja na elimu yangu yote, nikamwambia, "Usiseme hivyo Bibi, utapona." Akanyamaza. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe, mimi nikaufunga.

Jana asubuhi homa ilishuka, akafumbua macho, akanitambua. Nikainama sikioni pake. "Bibi, ukizidiwa, upelekwe kwenye mashine au tukae nawe hapa?"

Akafikiri kitambo.

"Huko kwenye mashine mtaingia nyote?"

Nikamwambia hapana, huingia mmoja mmoja, tena kwa saa maalumu.

Akanishika mkono. "Basi nibakieni hapa."

Nimempigia Ami. Sikumwambia Bibi kasema nini, nimemwomba tu aje alfajiri, amkalie karibu, amuulize mwenyewe.