Stabilaiza ya bomba au ya nondo? Nilivyochagua ya nyuma kwa Impreza yangu

Injini ya Subaru Impreza imekaa mbele kabisa, imeipita ekseli. Ukiingia kona na mwendo, pua inagoma kukata, gari linataka kunyoosha. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kona juu ya kona, na nilichoka kukanyaga breki huku Noah za abiria zikinipumulia kisogoni. Shokapu nzima, matairi mazima. Dawa inayojulikana kwa gari hizi ni kuweka stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwenye kona) ngumu zaidi nyuma na kuiacha ya mbele ilivyo.

Ya kwangu nilipoipima kwa vernia ilikuwa nondo ya mm 20, yaani chuma kilichojaa. Kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, nikapata mbili, zote used: nondo ya mm 22, na bomba ya mm 24 ambayo katalogi ya mtengenezaji inasema ina ukuta wa mm 4. Fundi wangu hakutaka hata kuishika ile bomba. "Bosi, kitu kitupu ndani kitabeba nini?"

Hapo tulibishana. Kazi ya stabilaiza ni kusokotwa, na chuma kinachopinga kusokotwa ni cha pembeni. Cha katikati karibu chote ni uzito tu. Ugumu unakwenda na kipenyo kwa kipeo cha nne. Kutoka 20 hadi 22 unaongeza asilimia 46. Kwa bomba unachukua 24 kwa kipeo cha nne, unatoa tundu la 16 kwa kipeo hicho hicho, unabaki na ongezeko la asilimia 66. Yaani kitupu ndicho kigumu zaidi, tena chepesi kuliko nondo ya 22 kwa thuluthi nzima! Fundi alitazama simu yangu ilivyopiga hesabu, akacheka, akasema chuma ni chuma.

Nondo ndiyo niliyochukua, ila si kwa sababu zake. Bomba ile ilikuwa imebanduka rangi kwenye mkunjo, kutu imeanza, na ya ndani huwezi kuiona. Ukuta ukiliwa kutoka ndani hadi mm 3, ugumu wake unashuka chini ya ule wa nondo ya 22, na pale kwenye mkunjo ndipo itakapokatika. Halafu asilimia 66 ni nyingi kwa gari la barabarani: stabilaiza ikizidi ugumu, tairi la nyuma la ndani linaelea kwenye kona, na masika kwenye tope la Usambara nahitaji matairi yote manne chini. Kilo moja na ushei ningeokoa, sawa, lakini buti lenyewe linarudi na magunia ya viazi. Ingekuwa mpya, na gari la mashindano, ningebeba bomba bila kuuliza bei mara mbili.

Bushi za zamani, zile raba zinazoishika stabilaiza, hazikuingia, tukanunua za 22. Nilisisitiza linki, vile vyuma vifupi vinavyoiunganisha na upande wa gurudumu, zikazwe magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa sawa, maana ukikaza moja likiwa limening'inia, raba za linki zinakaa zimeshasokotwa tangu gereji.

Sasa pua inakata nikigusa usukani tu, na bodi hailali. Nimelipia kwenye mashimo: tairi moja likitumbukia, mtikisiko unavuka hadi upande wa pili na kichwa kinayumba. Linki za zamani hazikuvumilia, zikaanza kugonga kwenye kila tuta, nikazibadilisha pia.