Vile nilipanga sindano ya anti-D: mimi O negativu, mzee wangu B pozitivu

Kuna akina mama kadhaa wa chama yetu hapa Umoja wameniuliza hii story ya sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wa mama negativu usije ukashambulia damu ya mtoto pozitivu, kila mmoja anauliza kivyake na mimi narudia kivyangu, kwa hivyo wacha niiandike mara moja halafu nikiulizwa tena natuma tu. Mimi damu yangu ni O negativu. Baba watoto ni B pozitivu. Tuna mtoto mmoja ambaye sai kazi yake ni kuficha rimoti, na wa pili yuko njiani.

Hii story inaanza na mimba ya huyo wa kwanza. Ile kliniki ya kwanza ya ujauzito unajua venye hutolewa damu wanapima kila kitu, HIV, kaswende, kiwango cha damu, na grupu. Nesi akaandika grupu yangu kwa kijitabu na biro nyekundu, akaniambia mzee aende apimwe na nijipange kwa sindano nikifika wiki ya 28. Hakuwa na nafasi ya kueleza zaidi, nyuma yangu kulikuwa na foleni hadi nje kwa lango. Na mimi sipendi kudungwa kitu sielewi kinaenda kufanya nini. Nina binamu ambaye ni mtu wa maabara huko Ruiru, nikampigia jioni na hiyo simu ikaisha usiku.

Hivi ndivyo alivyonieleza. Seli nyekundu za damu zina vitu juu ya ngozi yake, na hivyo vitu ndivyo mwili unatumia kujua hii ni ya nyumbani ama ni ya mgeni. Vinaitwa antijeni. Ukiwa na A wewe ni grupu A, ukiwa na B ni B, ukiwa na zote ni AB, ukikosa zote mbili ni O. Halafu kuna ingine inaitwa D, na hiyo ndio inaleta alama ya kujumlisha ama ya kutoa, yaani pozitivu ama negativu. Mimi sina D. Huko Ulaya watu kama sisi ni kama 15 kwa kila 100 lakini huku kwetu ni wachache zaidi, ndio maana unaweza pata umeishi plot moja na watu miaka na miaka na hujawahi kutana na mwingine.

Sasa kukosa D si ugonjwa. Shida ni kwamba mwili wangu haujawahi kuiona. Seli za kinga wakati zinakomaa hupitishwa mtihani, zile zinazoshambulia vitu vya mwenyewe nyingi huondolewa, zinabaki zile za kushughulika na wageni. Na cha ajabu ni kwamba hizo seli za kinga, zinaitwa seli B (hii B si ile ya grupu), hazingojei mgeni aje ndio zijipange. Ziko tayari mamilioni, kila moja na umbo lake la kushika kitu tofauti, zingine zitaishi na kufa bila kukutana na kile kitu zilitengenezewa. Kwa hivyo ndani yangu tayari kuna seli ambayo umbo lake linaingia sawasawa na D, imekaa tu. Mtoto akirithi D kutoka kwa baba yake, na damu yake kidogo ikavuka ikaingia kwangu, ile seli inaamka, inazaana, inaanza kutoa antibodi, yaani silaha za mwili za kumshika mgeni. Kwa mwili wangu hakuna tofauti kati ya D ya mtoto wangu na kidudu cha typhoid, yote ni wageni.

Na damu huvuka lini? Mara nyingi ni wakati wa kujifungua, kondo likitoka. Lakini pia mimba ikiharibika, ukitokwa na damu katikati ya mimba, ukianguka ukagonga tumbo. Na haihitaji nyingi, hata chini ya nusu kijiko cha chai inatosha kuamsha mambo.

Nikamuuliza binamu, sasa kama ni wakati wa kujifungua si mtoto ameshatoka, hasara iko wapi? Akaniambia hasara ni ya anayefuata. Kinga ya mwili ni kama makanga aliyehepwa na abiria bila kulipa: siku ya kwanza anagundua gari ishafika stage na jamaa ashapotea, lakini ile sura amechukua, na siku huyo mtu anaonekana tena anashikiwa mlangoni. Mara ya kwanza antibodi huchukua wiki nyingi hata miezi kutokea, na zile za kwanza ni IgM, ni kubwa, haziwezi kupita kwa kondo. Lakini seli za kumbukumbu zinabaki. Mimba inayofuata ikiwa na mtoto mwenye D, mwili unatoa aina ingine ya antibodi inaitwa IgG, haraka na kwa wingi, na IgG kondo haliizuii, linaisafirisha makusudi kabisa.

Hapo ndo nilishangaa kweli. Kwa sababu hiyo njia ndio ileile inampelekea mtoto kinga ya kumlinda miezi ya kwanza. Ile sindano ya pepopunda tunadungwa kliniki kazi yake ni hiyo, mama anatengeneza IgG, zinavuka, mtoto anazaliwa akiwa tayari amekingwa. Kwa hivyo hizi za D zikivuka, mwili haujakosea popote, unafanya kazi yake vizuri kabisa, tu mlengwa ndiye mtoto. Zinajibandika kwa seli nyekundu zake, bandama yake inazivunja, anaishiwa damu, anaweza kuvimba mwili mzima akiwa bado tumboni, na akizaliwa hai ile rangi ya manjano inaweza kupanda vibaya mpaka iharibu ubongo.

Sindano yenyewe sasa. Watu wengi wanafikiri ni chanjo. Si chanjo, ni karibu kinyume chake. Chanjo inafundisha mwili kutambua kitu, hii inauzuia usijifunze. Ndani yake kuna antibodi za D zilizokwisha tengenezwa na mtu mwingine. Ukidungwa, seli zozote za mtoto zilizoingia kwako zinafunikwa na kuondolewa mapema kabla seli B zako hazijashtuka. Venye inafanya hivyo hatua kwa hatua wanasayansi bado wanabishana, lakini kwamba inafanya kazi hilo halina ubishi, imetumika tangu 1968 ilipoidhinishwa Marekani. Na kwa vile mwili wako haujifunzi chochote, mimba ingine ikija unadungwa tena. Na hapa shikeni vizuri: kama mwili umeshatengeneza antibodi zako mwenyewe, hii sindano haikusaidii tena, memori haifutiki. Ndiyo sababu kabla ya kununua chochote unapimwa kipimo cha Coombs kuona kama ziko ama haziko. Zangu hazikuwa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka ushago kutusalimia na alisikia hayo maongezi nusu. Akaona ni kama tunasema damu ya kijana wake ni sumu. "Mimi nimezaa saba na hakuna aliyedungwa kitu, kwani hii damu yetu imeharibika lini?" Na alipojua dawa yenyewe imetoka kwa damu ya watu wengine ndo ikawa mbaya zaidi. Nilijaribu kumweleza mambo ya antijeni akaniangalia tu. Kilichomlainisha ni story ya mzee mmoja wa Australia, James Harrison, aliyekuwa na antibodi nyingi za D kwenye damu yake na akatoa damu mara 1,173 tangu 1954 hadi 2018, alipofikisha umri wa kukatazwa. Alifariki 2025. Mama akauliza, "Sasa mtu wa kutoa damu mara elfu moja huwa anakula nini?" Baada ya hapo hakupinga tena, ingawa sidhani aliamini.

Mzee wangu kupimwa ilikuwa rahisi, mimi nilidhani atazungusha. Kama angekuwa negativu tungemalizana na haya mambo, maana watu wawili wasio na D hawawezi kumpa mtoto D. Akatoka B pozitivu. Lakini hiyo B ilinifungulia kitu kingine. Mimi nikiwa O nina antibodi dhidi ya A na B tangu utotoni na sijawahi kuongezewa damu hata siku moja, kwa sababu bakteria wa tumboni wana vitu vinavyofanana na hizo antijeni na mwili ulijifunzia hapo. Kwa hivyo mtoto akiwa B, seli zake zikiingia kwangu zinaweza kuvunjwa haraka kabla hata D haijaonekana. Madaktari waligundua tangu miaka ya 1940 kwamba mama wa namna hii hupata hiyo shida ya D mara chache, na ndio iliwapa watafiti wa Liverpool, Uingereza, wazo la kutengeneza sindano. Nikamuuliza daktari basi si niache tu niokoe pesa. Akacheka, akasema inapunguza hatari lakini haiondoi, na yeye hawezi kunishauri nicheze kamari na mtoto wa pili.

Mambo ya pesa na kuitafuta. Kemisti za hapa mtaani hawakuwa nayo, wengine walitaka kuniagizia lakini nikiuliza mtaiweka wapi wananionyesha friji ya soda. Hii dawa inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8, na isigande. Nikapiga simu kemisti kubwa za tao na kwa hospitali, bei zinapishana sana, usilipe ya kwanza kusikia. Uliza pia nguvu yake, wengine wanaandika mikrogramu 300 na wengine yuniti 1,500, ni kitu kimoja. Nilikopa chama nikalipa na M-Pesa, lakini sikuibeba nikaiweke nyumbani kwa sababu stima ya huku mnaijua. Nilikubaliana na kemisti akae nayo mpaka siku yenyewe.

Wiki ya 28 nilitolewa damu ya Coombs kwanza ndio nikadungwa, huo mpangilio ni muhimu. Na nikasisitiza nesi aandike kwa kijitabu tarehe, jina la dawa, dozi na namba ya chupa. Alinuna kidogo. Akaandika.

Hiyo mistari ndio iliniokoa. Nilijifungua Ijumaa usiku, msichana, akachukuliwa damu ya kitovu. Jumamosi nesi mwingine anakuja na uso wa matanga ananiambia kipimo changu cha antibodi ni pozitivu, kwa hivyo nimechelewa na anti-D haina haja. Baba watoto alikaa chini. Mimi nikatoa kijitabu nikamwonyesha tarehe ya sindano, nikamwambia naomba muulize maabara kama hizi si zile nilidungwa, kwa sababu antibodi za sindano zinaweza kukaa kwenye damu wiki nyingi zinapungua polepole. Walienda kuuliza. Mtu wa maabara mwenyewe akaja, akasema kiwango ni kidogo sana na kinalingana na dawa, nidungwe kama kawaida. Mtoto alikuwa B pozitivu.

Sasa kuna yale masaa 72 baada ya kujifungua na wikendi imeshaanza. Kemisti alikuwa amenipa namba yake, akafungulia mzee wangu Jumapili asubuhi, akabeba dawa kwa kibuyu cha barafu, vipande vya barafu vimefungwa kwa gazeti ndio visiguse chupa, na boda yenyewe ilipita pembeni ya jam ya Outering. Nikadungwa masaa yakiwa bado yamebaki. Ukichelewa masaa hayo usikae nyumbani ukilia, nenda tu, bado wanaweza kukudunga mpaka siku ya 10 hivi na ikasaidia kiasi.

Wale mmeuliza kuhusu mimba iliyotoka: ndio, hiyo pia inahesabika, hasa ikiwa imekomaa kidogo ama umesafishwa, na masaa ni yaleyale 72. Usingoje mpaka upate mimba ingine ndio useme. Na wale mabwana zenu hawataki kupimwa, daktari atawachukulia tu ni pozitivu na utalipia sindano, kwa hivyo mwambie ni yeye anapoteza pesa.

Hii ya sai nimeanza na Coombs kliniki ya kwanza, imerudi safi, hakuna antibodi. Inamaanisha mwili wangu bado haujui D ni nini. Kemisti ni yuleyule, ameniambia nimpigie wiki mbili kabla kwa sababu siku hizi inaisha haraka, na bei imepanda.