Mahali pa Kusimama Kwenye Maporomoko ya Victoria

Watu wanaojiandaa kwenda Maporomoko ya Victoria huuliza upande upi ni bora, Zambia au Zimbabwe. Mimi hutaka kujua kwanza wanakwenda mwezi gani na wataingia saa ngapi, kwa sababu kituo cha kutazamia kinachosifiwa na kila mtu mwezi Septemba kinaweza kuwa pazia jeupe tupu mwezi Aprili.

Mto Zambezi, ambao pale una upana wa takriban mita 1,700, unatumbukia kwenye ufa mwembamba wa mwamba wa basalti wenye kina kinachozidi mita 100, na mtazamaji husimama kwenye ukingo wa pili wa ufa huo, uso kwa uso na maji. Hakuna mahali pa kurudi nyuma ili uyaone maporomoko yote kwa pamoja, labda uwe angani. Unatembea ukingoni na kuyaona kipande kwa kipande. Karibu robo tatu ya mandhari hiyo inaonekana kutoka upande wa Zimbabwe, na ndiyo maana mgeni mwenye siku moja tu ningemshauri aanzie huko, upande wa magharibi kabisa, karibu na sanamu ya mpelelezi David Livingstone, kisha afuate njia kuelekea mashariki.

Kituo cha kwanza kwenye njia hiyo, kinachotazama Devil's Cataract, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ukingo wa poromoko hilo uko chini ya ukingo wa mengine kwa takriban mita 10, kwa hiyo maji hayakatiki hapo hata mto unapopungua sana. Tena unalitazama kutoka ubavuni, na hilo lina faida yake: ukisimama mbele ya maji unaona ukuta, lakini ukisimama pembeni unaona mto mtulivu ukifika ukingoni, ukipinda, ukigeuka kutoka kijani kuwa mweupe, kisha ukipotea chini. Kina hakieleweki mpaka jicho lifuate safari hiyo yote.

Mto hujaa kati ya Machi na Mei, baada ya mvua za kaskazini kuteremka polepole hadi pale. Majira hayo manyunyu hupanda mamia ya mita na kurudi chini kama mvua ya kweli, na ni manyunyu hayo hayo yanayoulisha msitu mdogo ulioota mkabala na maporomoko. Kwenye vituo vya katikati, vinavyotazamana na Main Falls, yaani poromoko kuu, mtu hulowa mpaka kwenye mifupa bila kuona chochote, ila upepo unapolipasua lile pazia kwa sekunde chache. Sisemi usiende, kwa maana kishindo chake unakisikia kifuani. Lakini ukitaka kuona, tafuta vituo vya pembeni, weka kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uwe na kitambaa kikavu cha lenzi mahali ambapo mkono unafika upesi. Mwezi Oktoba na Novemba hali hugeuka: upande wa Zambia sehemu kubwa ya Eastern Cataract, poromoko la mashariki, hubaki mwamba mtupu, na anayefuata maji mengi atavunjika moyo, ingawa ndio wakati mzuri wa kuona jinsi ukuta wenyewe ulivyochongwa.

Zambia huwa na uzito wake mto ukiwa na nguvu au ukianza kupungua, hasa Juni na Julai. Daraja la miguu la Knife-Edge linakupeleka kwenye mwamba uliozungukwa na manyunyu, na huko ukaribu wa maji ndio unaotawala, si upana wa mandhari. Ukirudi, usipuuze Daraja la Victoria Falls, lililokamilika mwaka 1905, lililoko juu ya mto kwa kiasi cha mita 128. Wengi hulivuka wakiwa na haraka ya mpakani, ilhali katikati yake unaona korongo ambalo maji yote ya maporomoko hupitia.

Kuhusu upinde wa mvua, kanuni ni moja: jua liwe mgongoni mwako na manyunyu yawe mbele yako. Kwa kuwa ufa umelala takriban kutoka mashariki kwenda magharibi, asubuhi nenda upande wa mashariki, kama Danger Point, mwisho wa njia ya Zimbabwe, utazame magharibi. Alasiri fanya kinyume chake. Danger Point penyewe mwamba ni mtelezi na kizuizi hakipo, kwa hiyo kaa mbali na ukingo, hasa unapotazama kwenye kioo cha kamera.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata usiku. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, na hifadhi hufunguliwa jioni za siku hizo kwa wanaotaka kuona upinde unaotokana na mwanga wake. Chagua miezi ya maji mengi, usimame upande wa Zambia, ulio mashariki, ukiupa mwezi mgongo, na ufike mapema mwezi ungali chini, kwa sababu upinde hushuka kadiri mwezi unavyopanda. Kwa macho matupu utauona kama utepe wa kijivu. Rangi zake hutokea kwenye picha, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu na lenzi ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa.