“Umeruka kitu?” Siku moja maishani mwangu, mkalimani wa hospitali

Saa 11 alfajiri

Utica, jimbo la New York, mwezi wa Februari. Nyuzi 17 chini ya sifuri. Nimeshika koleo naondoa theluji iliyozika gari langu usiku kucha. Kwenye kiti cha nyuma nimeshaweka gauni jeusi na viatu vya heshima, maana leo jioni tunamuaga mzee aliyeniajiri. Watu watapita mbele ya jeneza kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, kisha mlango unafungwa. Zamu yangu inaisha saa 9 na nusu. Nimepiga hesabu, nitawahi.

Saa 1 asubuhi

Nimesaini, nimevaa kitambulisho, nimechukua orodha ya leo. Wagonjwa saba: watano wa Kiswahili, wawili wa Kizigua.

Mimi ni mkalimani wa hospitali. Shangazi yangu kule Handeni anaambia watu kwamba nalipwa kwa kuongea, na simlaumu, kwa nje ndivyo inavyoonekana. Nasimama pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo ya bega lake, ili yeye na daktari watazamane. Akisema “naumwa”, nami nasema “naumwa”. Sisemi “anasema anaumwa”. Akitukana, natukana. Akilia, nangoja. Siongezi, sipunguzi, na nikitoka mlangoni sikuona kitu wala sikusikia kitu. Kwa hiyo wagonjwa ninaowataja hapa nimewabadilisha kiasi kwamba hata ndugu zao hawatawatambua.

Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza nikidhani Kizigua changu nimekiacha Tanga. Wiki ya kwanza Utica, kwenye foleni ya duka, nikasikia akina mama wawili nyuma yangu wakibishana bei ya nyama kwa lugha ya bibi yangu. Nilishindwa kugeuka kwa dakika nzima. Ni wale wanaoitwa Wasomali Wabantu. Mababu zao walitolewa pwani yetu na nchi jirani karne ya 19, wengi wakiwa watumwa, wakaishia bonde la Mto Juba, na baadhi wakakitunza Kizigua huko Somalia hadi vita vilipowafukuza. Wengine walirudi hadi Chogo, Handeni kwetu, wakapewa ardhi. Wengine waliletwa Marekani kuanzia 2003, na Utica, mji wa watu kama 65,000 tu, ukawa mmoja wa miji iliyowapokea.

Mzee ninayemzungumzia hakujua neno hata moja la lugha hizo. Ila alijua nini kinatokea lugha ikikosekana chumbani kwa daktari.

Alikuwa msimamizi wa hospitali. Kwetu ungemwita katibu wa hospitali: hashiki kisu wala sindano, ila bila yeye hakuna kisu wala sindano. Vitanda, mishahara, jenereta, boila, leseni, madeni, ugomvi na kampuni za bima, nani yuko zamu usiku wa Krismasi. Alianza kijana kabisa kama karani wa stoo, akapanda ngazi moja moja kwa miaka zaidi ya 40. Wengi wetu tukimsikia mkubwa wa utawala tunafikiria mtu wa kukata bajeti nyuma ya mlango uliofungwa. Huyu saa 12 asubuhi ungemkuta korido za chini anahesabu viti vya magurudumu, kwa sababu alisema kiti kikipotea kuna bibi mahali fulani anatembea kwa maumivu.

Bibi yake mzaa mama alitoka Basilicata, kusini mwa Italia, mwaka 1913, akiwa na mtoto mchanga mkononi, kabla sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 haijawabana watu wa huko. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa mama yake mzee. Walikaa mashariki mwa Utica, mitaa ya Bleecker, walikojazana Waitalia wa Basilicata na Calabria, wakafanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1942 Marekani ilipokuwa vitani na Italia, bibi huyo, ambaye hakuwa amepata uraia, alihesabiwa adui kama wenzake 600,000 hivi nchi nzima. Alitembea na kijitabu chenye picha na alama ya kidole, na mabango ukutani yakiwaambia watu wasiseme lugha ya adui. Amri hiyo iliondolewa kwa Waitalia Oktoba mwaka huohuo, lakini hofu haikuondoka nayo. Mama yake alimsimulia kwamba bibi aliendelea kunong'ona barabarani kwa miaka mingi.

Haya yote alinieleza siku ya usaili, 2011. Nilitegemea aniulize vyeti. Aliniuliza kama niliwahi kumtafsiria mzazi wangu kwa daktari. Nikasema hapana. Akasema, “Mimi niliwahi.” Mwaka 1956 alikuwa na miaka 10. Bibi anaumwa tumbo la chini, daktari anauliza, mtoto anapeleka. Daktari akauliza kuhusu damu. Mtoto wa kiume wa miaka 10, mbele ya bibi yake. “Nikaruka swali,” akaniambia. “Nikamuuliza kama anapata usingizi. Akasema ndiyo. Nikamwambia daktari, anasema hapana.” Bibi alifariki mwaka uliofuata. Hakuniambia kwamba ni kwa sababu ya swali lile. Alisema tu kwamba hajui, na kwamba miaka 55 amekaa na kutojua huko.

Hospitalini kwetu mtoto hakuruhusiwa kutafsiri miaka mingi kabla kanuni za serikali kuu hazijalikataza waziwazi 2016. Marufuku hayo yalikuwa yake, na aligombana na watu kuyapata.

Saa 2 hadi saa 4 na nusu

Kliniki ya wajawazito, mtoto wa chanjo, mzee wa kisukari aliyejibu kila swali kwa alhamdulillahi hadi nesi akajifunza neno hilo. Chai nimekunywa nimesimama.

Saa 4 na dakika 40

Chumba namba 6. Mama wa miaka hamsini na kitu, Mkongo wa Fizi, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Pamoja naye yuko mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kidogo, macho mekundu. Ametoka zamu ya usiku kiwandani moja kwa moja. Najitambulisha kama kawaida: jina, kazi yangu, siri.

“Dada, sisi hatukuomba mutu wa kutafsiri,” anasema kijana. “Mimi niko najua Kiingereza muzuri.”

Namwambia kwa adabu kwamba huduma ni bure. Anasema si suala la pesa. Nesi anamweleza kwamba mgonjwa ana haki ya kumkataa mkalimani, lakini lazima mgonjwa mwenyewe aseme na asaini, na fomu lazima asomewe kwa lugha yake. Yaani nimsomee mimi. Kijana anataka aisome yeye. Nesi anasema haiwezekani. Kijana anapandisha sauti: miaka minne yeye ndiye anayempeleka mama mdogo wake kila mahali, benki, shule, ofisi za ruzuku, leo mnamwona hafai? Analirudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kila sentensi yake naigeuza Kiingereza nesi asikie, na kila ya nesi naigeuza Kiswahili mama asikie, hivyo ugomvi ule nimeusema wote mara mbili kwa mdomo wangu. Ukiniuliza nini kinachosha katika ukalimani, ni hicho: unabeba hasira za watu wawili na huna ruhusa ya kuwa na yako.

Mama anatazama sakafu. Nikimsomea fomu anasema polepole, “Mutoto atasema.” Anasaini.

Daktari anaingia amechelewa dakika 50. Anakubali, ila anaomba nibaki kwa ajili yake yeye mwenyewe, kusikiliza. Inaruhusiwa. Nasimama ukutani.

Kwa haki niseme, kijana anajua Kiingereza. Tena alifanya jambo ambalo wakalimani wageni kutoka Tanzania huliharibu: mama aliposema alienda “kwa munganga” kambini, alisema daktari. Mtanzania asiyejua angesikia mganga wa kienyeji, na faili la mgonjwa lingebeba kosa hilo maisha yote.

Kisha daktari akauliza kama ameona damu yoyote tangu hedhi yake ikatike.

Kijana alinyamaza. Akatazama dirisha. Akasema, “Mama mudogo, anauliza kama uko muzima.”

“Niko muzima.”

Akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza kwamba hapana, hajaona.

Nimesoma kozi, nina cheti, najua kanuni ya wakati kama huo. Lakini mate yalinikauka. Korido za hospitali ile nimepishana na mzee yule mara nyingi sana, na kila mara salamu yake ilikuwa moja, kabla ya habari za asubuhi: “Umeruka kitu?” Nami nilijibu, “Hapana, mzee.” Ndipo tunasalimiana.

Nikasema kwa lugha zote mbili, kama tunavyofundishwa kujitaja: “Mkalimani anaomba kusema. Swali la daktari halijamfikia mgonjwa.”

Kijana alinigeukia kama nimempiga kofi. Aliniambia namwaibisha mama yake, namwaibisha yeye, kwamba mimi Mtanzania najifanya mjuaji, kwamba kwao mwanamume hamuulizi mama yake mambo hayo. Nilitafsiri yote, pamoja na lile la mjuaji. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba ana haki kabisa kutotaka kuliuliza, na kwamba hapaswi kuliuliza yeye. Kijana akatoka. Mlango haukugongwa, uliachwa tu wazi, nesi akaufunga.

Daktari akauliza tena. Nikauliza, neno kwa neno. Mama akakaa kimya muda mrefu, akaupangusa mkono wake kwenye kitenge.

“Inatoka,” akasema. “Tangu theluji ya kwanza.”

Theluji ya kwanza ilikuwa Novemba.

Mchana, sijui saa ngapi

Baada ya hapo siku iliacha kuwa na saa. Kipimo cha ultrasaundi leo leo, kwa kuwa daktari hakutaka asubiri. Kufika huko, kibofu lazima kijae, anywe maji, tungoje. Kisha kuchukuliwa kinyama cha kupima, fomu ya ridhaa kurasa nne, kila mstari. Katikati naitwa wodi ya watoto, narudi mbio. Kisha simu ya bima: dakika 35 za muziki, mtu anapokea, anauliza tarehe ya kuzaliwa. Mama yule, kama wakimbizi wengi, kwenye karatasi zake alizaliwa Januari mosi. Mtu wa simu hataki kuamini, simu inakatika. Muziki tena. Sikula. Nilikuta kijana amelala kwenye kiti karibu na lifti, mdomo wazi, koti limemfunika kichwa, nikampita kwa kunyata. Ana zamu nyingine usiku huu.

Saa 9 na nusu ilipita tukiwa famasi. Ningeweza kumkabidhi kwa mkalimani wa video, yule wa skrini yenye magurudumu. Skrini ilikuwa inatumika ghorofa ya nne.

Teksi ya bima tuliitiwa saa 10. Saa 11 haijafika. Wakati tunangoja, kijana aliamka, akaja kukaa nasi, mama katikati. Hakunisemesha. Baada ya muda aliniuliza dawa ile ameze mara ngapi. Nikamwambia aongee na mama, anajua, ameshamrudia nesi yote kwa mdomo wake. Akamuuliza. Mama akamjibu vizuri, asubuhi na jioni, na chakula. Saa 12 kasoro dakika 10 teksi ikaja. Mama alinishika mikono miwili, akasema, “Asante, mwanangu.” Kijana alinipa mkono bila kuniangalia.

Jioni

Nilibadili nguo kwenye choo cha wafanyakazi. Viatu vya heshima vilikuwa garini, na njia ya kwenda garini ilikuwa tope la theluji, kwa hiyo nilifika nyumba ya mazishi saa 12 na dakika 40 nikiwa nimevaa viatu vyangu vyeusi vya kazi, vimelowa hadi soksini.

Mstari ulikuwa bado mrefu. Wafagiaji, wapishi, madaktari wastaafu, akina mama wa Kizigua watatu na mitandio yao wakiwa wamekuja kwa basi. Nilipewa kadi ya sala yenye picha ya Watakatifu Kosma na Damiano, madaktari pacha ambao kwa mapokeo hawakutoza mgonjwa senti. Kila Septemba sanamu zao zinabebwa mitaani mashariki mwa Utica, na mahujaji hutoka hadi Kanada. Mzee alinipeleka mwaka mmoja, akaninunulia ule mkate wao wa mraba wenye rojo nzito ya nyanya, unaoliwa baridi. Nilimwambia unahitaji pilipili. Ijumaa iliyofuata alileta sinia nzima idarani kwetu, na chupa ya pilipili juu yake.

Alikuwa amelala na tai ileile ya bluu. Nilisimama. Nilimwambia kwa Kizigua, kwa sauti ndogo, kwamba leo sikuruka.

Kwenye kiti cha mbele alikaa dada yake mkubwa, mwenye miaka zaidi ya 85. Siku hizi Kiingereza kimemtoka, amebaki na lahaja ya bibi yao. Alinivuta mkono, nikainama, akaongea. Aliongea sana, akinishika shavu, akionyesha miguu yangu, akionyesha jeneza, akacheka kidogo, akalia kidogo. Mjukuu wake, msichana wa chuo, alisimama nyuma ya kiti.

“Anasema asante kwa kuja,” akaniambia.

“Samahani,” nikasema. “Naomba yote.”

Msichana akanitazama, akachuchumaa karibu na bibi yake, akamwomba arudie. Kisha akaanza upya, polepole, akitafuta maneno.

“Anauliza wewe ndiye yule wa pilipili? Anasema kaka yake alikuwa anawaambia. Anauliza mama yako yuko hai, na nani anakupikia. Anasema viatu vyako vimelowa, utaumwa. Anasema uvivue hapa hapa, uweke miguu karibu na hita, hakuna mtu atakayesema kitu.”

Nikavivua.