Nimewazungukia walionizikia wazazi

Nilipostaafu uuguzi hapa Leeds, swali la kwanza kutoka kwa Watanzania wenzangu lilikuwa nitajenga wapi. Mimi nilikuwa na jambo lingine moyoni. Mama alizikwa Tukuyu nikiwa sina karatasi za kuniruhusu kutoka Uingereza na kurudi. Kaka akafuata, nikakosa nauli. Baba aliondoka wakati wa korona, safari zimefungwa. Misiba yote mitatu niliipokea kwa simu, rambirambi nikatuma kwa simu, nikalia peke yangu jikoni. Waliochimba kaburi, waliobeba kuni, waliolala matanga siku zote zile, walikuwa ni watu wengine. Niliiahidi nafsi yangu kwamba siku nikiwa na muda, nitamwendea kila mmoja nyumbani kwake nimshike mkono.

Nilichagua Julai kwa sababu ya magoti yangu. Kusini mwezi huo ni baridi kweli, lakini njia za milimani zimekauka. Basi la kutoka Dar es Salaam linapita Mikumi, linafika Ruaha Mbuyuni kwenye wauza vitunguu, kisha linaanza kukwea Kitonga nyuma ya malori ya Tunduma. Ukimaliza ule mlima hewa inabadilika, abiria wanaanza kuvuta masweta.

Iringa nilifikia kwa mwenzangu tuliyelala bweni moja shule ya wasichana ya Loleza, sasa mwalimu mstaafu. Jioni tulipanda jiwe la Gangilonga, yeye mbele, maana hupanda mara kwa mara kwa ajili ya sukari yake. Tulikaa juu tukiutazama mji, na hapo ndipo aliponisimulia jinsi alivyomuuguza mama katika Hospitali ya Rufaa Mbeya. Nilijua alikwenda kumwona. Sikujua kwamba alifunga safari kutoka Iringa na kukaa naye hadi mwisho. Akaniambia mama alikuwa na barua zangu zote kwenye mfuko wa rambo chini ya mto, na kila usiku alimtaka amsomee moja. Zile za mwanzo zilikuwa zimechanika kwenye mikunjo, ikabidi azisome kwa kubahatisha. Mwenzangu anazijua barua zangu kuliko ninavyozijua mimi. Nimelia juu ya lile jiwe, na yeye akaniacha nilie.

Kesho yake alinipeleka Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tulisoma habari zake shuleni tukiwa wasichana, lakini safari hii nilisimama mbele ya lile fuvu na mawazo mengine kabisa. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakakichukua kichwa chake. Kilirudi mwaka 1954, kikapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Ni miaka 56. Wahehe walidai kichwa cha mtu wao mpaka kikarudi, na waliokuwa watoto alipokufa walikipokea wakiwa wazee. Aliyekaa mbali na makaburi ya kwao ataielewa ile subira.

Makambako sikupanga kukaa, nikalala. Pale anaishi mzee aliyefanya kazi na baba kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Nilipopiga magoti na kusema "Shikamoo baba", alinishika kichwa akaniita kwa jina la bibi yangu mzaa baba, ambalo hakuna aliyeniita tangu nikiwa mtoto. Baba kwetu alikuwa mtu wa maneno machache. Kuhusu reli alitwambia tu kwamba aliijenga. Mzee yule alinifungulia mengine. Walikuwa kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja mengi kuliko kwingine kote katika kilomita 1,860 za reli ile. Mvua, matope, udongo unaporomoka, Wachina na Watanzania wanakula mlo mmoja uliolowa. Kazi ilianza 1970, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Basi baba, ambaye alikuwa amefika darasa la saba la zamani zile, akawa anawafundisha wenzake kusoma usiku kambini, kwa mwanga wa koroboi.

Mzee akaniomba kalamu. Akaandika jina lake nyuma ya bahasha, polepole, herufi zimelala upande wa kushoto. Ni mwandiko wa baba. Ile "M" yenye mguu mrefu ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye bahasha zilizonifikia Leeds. "Huu mkono ni wa baba yako," akasema. "Mimi nilikuwa naweka dole gumba."

Alikuja kwenye mazishi ya baba akiwa na fimbo, kwa basi la usiku, watu wakiogopana kwa ajili ya ule ugonjwa. Ndiyo maana nasema kutuma pesa hakutoshi. Pesa inanunua sanda na mchele, na ni jambo jema, tuendelee kutuma. Lakini mtu kama huyu humlipi kwa simu.

Mbeya nilipita soko la Mwanjelwa, nikanunua mablanketi, sukari na khanga za kupeleka nyumbani. Uyole nikakutana na rafiki wa kaka yangu, mkulima wa viazi, tukashika barabara ya Tukuyu hadi kwenye kibao cha Ziwa Ngozi. Tulimchukua kijana wa pale atuongoze. Mwanzo ni mashamba ya viazi na kabeji, njia pana, mnaongea huku mnatembea. Kisha msitu unawafunika: mianzi, migomba pori, miti yenye ndevu za kuvu, na mwisho kuna mpando wa kushika mizizi kwa mikono. Nilipumzika kila niliposikia moyo unanipiga masikioni. Hakuna aliyeniharakisha. Ukingoni juu unaliona ziwa ghafla, chini kabisa ndani ya shimo la volkano, kijani, kuta za msitu pande zote, na hakuna mto unaotoka humo.

Njiani kushuka ndipo yule rafiki alipozungumza juu ya mazishi ya kaka. Rungwe mvua haina adabu, na siku ile ilinyesha tangu alfajiri. Gari la maiti lilikwama mbali na nyumbani. Vijana wakavua viatu, wakalibeba jeneza mabegani, wakipokezana, wakiimba. Yeye alibeba upande wa kichwa na hakukubali kupokewa. Mimi miaka yote nilikuwa nimeambiwa tu kwamba "mazishi yalikwenda vizuri".

Tukuyu makaburi matatu yako kwenye migomba ya mama. Mama mdogo alinipokea kwa "ndaga, mwanangu, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tukapalilia pamoja, kisha majirani wakaanza kufika mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Nilipeleka blanketi nyumba kwa nyumba, nikala ndizi hadi nikashindwa.

Kwa wenzangu wenye umri huu mlioko nje: bebeni dawa zenu za presha za kutosha safari yote na ziada, maana vijijini hamtazipata za aina ileile. Viatu viwe vya kushika utelezi. Na msiwaite watu hotelini waje kuwasalimia. Nendeni kwao, kaeni kwenye viti vyao, maana hadithi zinatoka baada ya chakula cha pili, mwenyeji akishaona huna haraka.

Mwalimu wa Iringa anasema sijaona kitu kama sijafika Kitulo kwenye maua. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na hayatoki Julai. Yanaanza na mvua za Novemba hadi Aprili. Tiketi ya Desemba nimeshailipia. Yeye anatafuta gari linaloweza tope la huko, na tumekubaliana tumpitie yule mzee wa Makambako, kwa sababu anataka kuliona kaburi la baba likiwa limekauka.